Sifuri ya Upande wa Kulia

Jumatatu, 6 Machi 2023

Benchi la kazi limesimama! Limesimama kweli, halitikisiki. Nimelipanda na buti zangu nikarukaruka juu yake, mume wangu Wes akacheka mpaka akakalia ndoo. "Mama Aila, utatuangushia gereji!" Halianguki kitu. Mbao nene za mti mgumu, miguu ya chuma, na boliti zimezama kwenye zege. Wes ndiye aliyetoboa hilo zege, jana na leo, jasho mpaka kwenye nyusi na nje theluji imefika dirishani. Akaweka pimamaji. Akakaza. Akaweka tena. Ananieleza kwamba benchi likilegea hata kidogo tu, mkanda wa msumeno utacheza kwenye jiwe la kunolea na kila jino litatoka na sura yake. Ananieleza mimi! Mimi ndiye niliyemfundisha.

Mashine ya Baba ya kunoa nimeiweka kushoto, kwenye mwanga. Ile ya kupinda meno iko kulia. Jiliwa katikati. Ukutani vigingi vya kutundika mikanda ya msumeno — inakuja imekunjwa duara tatu, na ukiifungua vibaya inakurukia kama nyoka. Kwa hiyo Aila haingii humu. Hiyo ni sheria, hata akilia. Na mimi sitoki humu kwenda kumnyonyesha mpaka nimevua ovaroli na kunawa hadi viwiko. Unga wa chuma haukai meza moja na maziwa.

Nimechoka vizuri leo. Kuna kuchoka kubaya na kuna huku.


Jumatano, 8 Machi

Mikanda ya kwanza! Mzee Sulo Ketola ameileta mwenyewe kwenye pikapu, imejaa utomvu, meno butu kama ya bibi. Sulo ndiye mpasua mbao mkubwa upande huu wa mto. Akisema neno dukani kwenye kahawa ya asubuhi, wengine wote wenye vinu vya kupasulia mbao uani kwao wanalifuata. Akisema binti Tauno anajua kazi ya baba yake, nitakuwa na kazi. Akisema hajui, benchi hili litakuwa la kuwekea makopo ya rangi.

Alisimama mlangoni, kofia imemfunika masikio.

"Binti Tauno."

"Karibu mzee. Kahawa ipo."

"Kahawa baadaye. Baba'ko mikono imeanza lini kumtetemeka?"

"Mwaka juzi."

"Na yako?"

Nikamnyooshea mikono. Akaitazama kama mtu anayenunua farasi. "Kucha fupi," akasema. "Sawa." Kisha akala mkate wangu wa iliki karibu wote, akaondoka bila kuaga. Ndivyo alivyo. Baba alipiga simu baadaye kutoka kule kwenye nyumba za wazee, nikamweleza. Akasema Sulo akila mkate wa mtu, amekubali nusu. Nusu nyingine iko kwenye mbao.


Ijumaa, 10 Machi

Aila alilala asubuhi na tena mchana — muujiza! Nimefanya mikanda minne. Natoa utomvu, napinda meno, kisha nanoa. Jino moja linapinda kushoto, moja kulia, moja linabaki wima. Yakipinda sawasawa mkanda unakwenda moja kwa moja ndani ya gogo. Yasipokuwa sawa unavutwa upande wenye meno yaliyotoka zaidi, na ubao unatoka na mawimbi.

Wes aliporudi kazini alikuja gereji, akakaa kwenye ndoo yake, akataka nimwonyeshe. Si kawaida yake. Nikamwonyesha kila kitu, sikufunga mdomo. Nikamwonyesha kile kipande cha chuma bapa cha Baba. Kila asubuhi, kabla ya jino la kwanza, nakifuta, nakiweka kwenye mashine, naizungusha ile saa ya kupimia mpaka mshale usimame kwenye sifuri. Uso huu kwa meno ya kushoto, uso huu kwa meno ya kulia. Kila kipimo cha siku nzima kinatoka hapo.

"Na sifuri ikikosewa?" Wes akauliza.

"Kila kitu kinakosewa, na huoni. Saa itakuambia uko sawa tu."

"Huoni kabisa?"

"Huoni."

Nilifurahi jinsi alivyosikiliza. Miaka mitatu ya ndoa, mara ya kwanza ananiuliza kitu cha Baba.


Jumapili, 12 Machi

Aila ameota jino! La chini, mbele. Nimelipapasa kwa kidole — limenoleka tayari, halinihitaji.


Alhamisi, 16 Machi

Sulo amechukua mikanda yake. Akapitisha kidole gumba juu ya meno, akaguna. Kwa Sulo kuguna ni hotuba. Na amekuja na mikanda ya watu wengine wawili, wale ndugu wa kinu cha kilimani. Vigingi vyote vimejaa. Vyote!

Sikulala sana. Aila na lile jino. Wes amesema tena kwamba tungekwenda kumtembelea kaka yake Todd kule Grand Rapids, tupumzike. Nimemwambia si sasa, kazi ndiyo kwanza imeanza. Halafu Todd mwenyewe akapiga simu, na Wes akatoka nje kuipokea, kwenye baridi ile, na soksi tu. Nimemcheka.


Jumanne, 21 Machi

Siku mbaya.

Sulo amepiga simu. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali. Alisema mbao zinatoka na mawimbi. Mkanda unavuta kulia, karibu kila mkanda, na yale ni magogo aliyoyatenga kwa sakafu mpya ya ukumbi. Nikamwambia nitaangalia. Sijaweka simu chini vizuri, ndugu wa kilimani nao. Hivyohivyo. Kulia.

Nimepima kila jino la mikanda iliyobaki. Saa inasema sawa. Sawa, sawa, sawa. Nimepima tena taa ikiwa upande mwingine kana kwamba taa ndiyo yenye makosa. Sawa. Basi ni macho yangu? Ni mikono? Jana nilitia chumvi kwenye kahawa. Juzi nilimtafuta Aila kitandani na huku nimembeba.

Wes amenipokea mtoto, akanichemshia supu ya samaki, akanivua viatu yeye mwenyewe. Akasema huwezi kunyonyesha na kunoa, Lempi, hakuna mtu anayeweza. Akasema hakuna aibu. Labda hii ndiyo njia ya mwili kukuambia upumzike. Ananipapasa nywele na mimi nalia kama mtoto wa shule. Nikamwambia wewe ni mtu mwema. Nimemwambia hivyo.


Alhamisi, 23 Machi

Mkanda mmoja umekatikia kwenye kinu cha Sulo. Ulipinda ndani ya gogo, ukapata moto, ukakatika na kupiga kinga ya chuma. Kinga isingekuwepo, ungempiga yeye. Alikuja na mikanda yake na ya ndugu wa kilimani, na ubao mmoja, akautupa juu ya benchi langu. Pa! Aila akashtuka ndani ya nyumba, nikamsikia kwenye kile kiredio cha kumsikilizia.

"Angalia. Huu ni ubao au ni bahari?"

"Mzee Sulo, vipimo vyote—"

"Sipasui mbao kwa vipimo. Napasua kwa meno." Kisha akavua kofia, nikajua sasa anasema kweli. "Binti, baba'ko alininolea miaka yangu yote. Sikuwahi kumrudishia hata mmoja. Nakupa mpaka Jumatatu. Jumatatu nakuja, na kama hujui kosa liko wapi, nachukua yangu napeleka kwingine. Na wengine watauliza kwa nini, na mimi sijui kusema uongo."

Nikasema sawa mzee. Sikulia mbele yake.

Nimempigia Baba. Nimemweleza yote. Akauliza jiwe lina sura gani. Nzuri. Mafuta yanatiririka? Yanatiririka. Umeweka sifuri? Kila asubuhi, Baba, kama ulivyonifundisha. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Na sifuri yenyewe umeipima?"

"Sifuri inapimwaje, Baba? Ni chuma!"

"Chuma nacho kinapimwa," akasema. "Kalale, kesho uangalie kwa mwanga wa jua."


Ijumaa, 24 Machi

Nimeangalia.

Nilikipeleka dirishani. Kinang'aa, safi, pande zote mbili. Nikakigeuza. Upande wa kulia unang'aa kidogo tofauti, kama jicho lenye machozi. Nikapitisha ukucha pembeni. Ukucha ukakwama.

Selotepu.

Kipande cha selotepu, kile cha kuona ndani, kimebandikwa juu ya uso wote wa kulia. Unene wake kwa macho si kitu. Lakini ukiweka sifuri juu ya selotepu, meno yote ya kulia yatatoka zaidi kwa unene huohuo, na saa itakuambia uko sawa. Kwa mkanda ni kama kukimbia na jiwe ndani ya kiatu kimoja.

Hakikujibandika. Kimekatwa kwa mkasi. Pembe nne nzuri, hazijapita ukingo hata kidogo. Mtu alikaa chini, akapima, akakata, akabandika, akasugua kwa kidole mapovu yote yatoke.

Nani anajua kazi ya kile chuma? Mimi. Baba, ambaye hajatia mguu humu tangu kabla ya theluji. Na mmoja mwingine.

Nimekaa kwenye ndoo yake. Sijui muda gani. Aila alikuwa anaita kwenye kiredio, si kulia, anaita tu, aah, aah. Nikavua ovaroli. Nikanawa hadi viwiko. Nikamnyonyesha. Mikono haikutetemeka.

Wes aliporudi nilimwonyesha selotepu kwenye ncha ya kidole. Uso ukamwishia damu. Kisha akasema: "Kesho. Kesho baada ya sauna tuongee."

Nikamwambia sawa. Nikaenda kukanda unga. Nimeukanda mpaka umekuwa mgumu, hautaumuka huo.


Jumamosi, 25 Machi

Asubuhi, chuma kikiwa hakina selotepu tena, nimeweka sifuri upya na kurudia mikanda yote. Ya Sulo, ya ndugu wa kilimani, yote. Jino kwa jino. Aila alikuwa kwa mama yake Wes, na mimi sikunywa hata kahawa. Sasa meno yako sawa kweli.

Jioni sauna, kile kibanda chetu cha kuoga mvuke. Wes aliwasha moto mapema, akaleta kuni zile nzuri, akaleta na maji ya kutosha, kama mtu anayejiandaa kwa mgeni. Tumekaa kwenye ngazi ya juu, kiredio cha Aila nje ya mlango. Akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukapanda, na ndani ya ule mvuke akaanza kusema.

Hakusubiri baada ya sauna. Alisema humohumo ndani.

Todd amempa kazi ya kuezeka mapaa kule kwake Grand Rapids, ng'ambo ya daraja kubwa. Nyumba ipo. Alimjibu Todd ndiyo mwezi wa kwanza. Wa kwanza! Kabla ya benchi. Kabla ya boliti. Amesema tunahama mwezi wa tano. Hakujua aniambie vipi, kwa sababu nilikuwa nimefurahi mno. Akadhani nitachoka mwenyewe. Mtoto hanipi usingizi, mikono itashindwa, nitaacha. Lakini sikuchoka. Basi akanisaidia kuchoka.

"Nilitaka uamue wewe mwenyewe," akasema. "Ili baadaye usinilaumu."

Ili nisimlaumu.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumpiga ile kata ya maji usoni. Lakini kwetu hapa mtu hagombani ndani ya sauna. Hata babu na kaka yake, waliogawana shamba kwa mawakili, waliingia sauna moja kila Jumamosi na humo ndani waliulizana habari za samaki. Nimelelewa hivyo. Wes anajua nimelelewa hivyo. Yeye pia kalelewa hivyo. Kachagua mahali pekee duniani ambapo siwezi kumjibu.

Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Ulipokuwa unatoboa zege, ulikuwa unawaza nini?"

Akasema, "Kwamba nataka liwe sawa."

Hilo ndilo linaloniua. Namwamini. Alitaka liwe sawa kweli. Pimamaji mara mbili! Mtu anayekudanganya ovyo unajua umshike wapi. Huyu alinijengea kwa moyo wote kitu ambacho alikuwa ameshakiuza.

"Na Sulo?" nikasema. "Ule mkanda ungempiga, je?"

"Sikuwaza utakatika."

"Hukuwaza."

Nikatoka nje kwenye theluji, nikasimama pale pale, mvuke unanitoka mwilini, mpaka miguu ikauma.


Jumapili, 26 Machi

Sijazungumza naye isipokuwa ya mtoto. Nipe nepi. Shika hii. Amekula.

Mchana alikuja jikoni, akasimama nyuma yangu. Akasema ananisihi nisimwambie baba yangu. Nikasema Baba ameshajua, alijua ile siku ya simu, ndiyo maana alinyamaza. Halafu nikageuka. Nikamwambia nataka kitu kimoja tu, na ya kuhama au kutohama tutayaongea nikiweza kukutazama. Kesho Sulo anakuja. Utamwambia wewe. Utamwambia kilichofanyika, kwa kinywa chako, ili jina langu libaki kuwa jina. Mimi sitaongeza neno. Sitakudhalilisha. Lakini utasema.

Akasema ndiyo. Akasema ni haki. Macho yalimjaa machozi. Akambeba Aila, akamwimbia ule wimbo wake wa kipuuzi wa paka, na Aila akacheka mpaka kwikwi. Nikawatazama. Bado nampenda mtu huyu na sijui nifanye nini na hilo.

Nililala kidogo. Nilikuwa na matumaini, niandike ukweli.


Jumatatu, 27 Machi

Naandika hapa mezani jikoni, Aila mapajani, anaivuta kalamu.

Pikapu ya Sulo imeingia sasa hivi. Wes kainuka, kavaa koti. "Kaa," ameniambia. "Hili ni langu." Amenibusu kichwani. Katoka.

Dirisha la juu ya sinki nimelifungua kidogo, nachemsha chupa, mvuke mwingi. Sikulifungua ili nisikie. Lakini nasikia.

Wanazungumza habari za barabara kwanza. Matope. Sulo anasema theluji ikiyeyuka lile daraja dogo litaondoka tena. Sasa Sulo ameuliza, basi, kosa limepatikana?

Wes anakuna shingo.

Anasema limepatikana. Anasema mikanda yako iko sawa sasa, Lempi amerudia yote. Unajua mzee, mtoto halali. Na yeye hataki kukubali amechoka. Alikosea kuweka sifuri tu. Mimi nimemwambia apumzike kwanza, labda aache kabisa, wanawake unajua walivyo.

Unajua walivyo.

Sulo anaangalia gereji. Sasa anasema, pole pole, "Binti Tauno kakosea sifuri?" Kama mtu aliyeambiwa ng'ombe kapanda mti. Wes anasema ndiyo. Usingizi, mzee. Sulo anatikisa kichwa. Anasema mpe pole. Anasema basi ngoja nichukue yangu, binti apumzike, na wale wa kilimani nitawapitishia yao.

Wanaingia gereji. Wanatoka na mikanda. Wes anamsaidia kubeba! Anamsaidia, anaipanga vizuri nyuma ya pikapu, anaweka gunia katikati isikwaruzane.

Aila anacheka, anaona baba yake dirishani.

Wes ameingia. Amepangusa miguu mlangoni.

"Umemwambia?" nimeuliza.

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini, Wes?"

Hajageuka. Ameenda kwenye sinki kunawa mikono. Dirisha liko wazi mbele ya uso wake, ameliona sasa, na mkono wake umesimama kwenye bomba. Haulifungi dirisha. Ananawa. Bado ananawa. Maji yanamwagika na mikono yake ilikuwa safi toka mwanzo.

Nje Sulo anahangaika na kamba, fundo limeganda. Bado hajawasha gari.

Nimemweka Aila kwenye kiti chake na kumfunga mkanda. Viatu vyangu viko wapi?